Shajara ya mradi: nishati ya baruti inayopotelea ardhini, machimbo ya kokoto Lugoba

Mwishoni mwa Februari

Mradi umekubaliwa. Swali letu ni hili: kila tunapolipua mwamba, nishati ya baruti inaingia ardhini kiasi gani kama mtetemo badala ya kuvunja jiwe, na itapunguzwaje bila kupunguza kokoto? Majirani wanaliuliza kwa namna yao, kwamba je, nyumba zetu zinapasuka kwa sababu yenu? Kwangu mimi maswali hayo mawili hayatengani. Nishati inayotikisa ukuta wa jirani imenunuliwa kwa fedha ya machimbo, na haikuvunja hata jiwe moja.

Lugoba iko mkoa wa Pwani, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Mwamba wake ni gneisi ngumu ya Ukanda wa Msumbiji, yaani ule ukanda wa miamba ya kale wa mashariki mwa Afrika, na kokoto zake hupakiwa kwenye malori kwenda kujengea Dar es Salaam. Benchi tunayoifanyia kazi, yaani ngazi ya mwamba iliyokatwa, ina kimo cha mita 10. Mashimo huchorongwa kwa kipenyo cha milimita 89, sehemu ya juu ya mita 2.5 huzibwa kwa kokoto ndogo, na zinazobaki mita 7.5 hujazwa ANFO, yaani nitrati ya amonia asilimia 94 iliyochanganywa na dizeli asilimia 6. Kwa ujazo huo shimo moja hubeba kilo 38 hivi. Kila kilo ya ANFO ina nishati ya takribani megajuli 3.8, kwa hiyo shimo moja ni megajuli 144. Mlipuko wa mashimo 40 unafika karibu megajuli 5,800.

Kabla ya kupima chochote nimeandika tunachotarajia. Mwaka 2007 watafiti wa Universidad Politécnica de Madrid walichapisha matokeo ya vipimo vya milipuko ya machimbo, wakigawanya nishati ya baruti kwa matumizi yake. Sehemu iliyokwenda kwenye mtetemo ilikuwa asilimia 1 hadi 3. Iliyokwenda kwenye kuvunja jiwe lenyewe ilikuwa asilimia 2 hadi 6, na ya kulirusha jiwe mbele ikatofautiana sana, asilimia 3 hadi 21. Nyingine yote ni joto, gesi zinazotoroka, na mwamba unaosagika kuzunguka shimo. Mtu akisikia asilimia 1 hadi 3 anaweza kudhani ni kidogo, lakini ailinganishe na hiyo 2 hadi 6. Mtetemo unakula karibu nusu ya kile kinachokwenda kwenye kazi tuliyoinunulia baruti.

Mwanzo wa Machi

Jiofoni, vifaa vya kupima mtetemo wa ardhi, zimefika. Kila kifaa kina vipimio vitatu ndani: kimoja kinasoma mwelekeo wa kwenda na kurudi kutoka kwenye mlipuko, cha pili upande kwa upande, cha tatu juu na chini. Kuna pia maikrofoni ya mgandamizo wa hewa. Kifaa kinarekodi mara 1,024 kwa sekunde na kinaamka chenyewe ardhi ikitikisika kwa kasi ya milimita 0.5 kwa sekunde.

Nawaandikia watakaopokea kazi hii: usiweke jiofoni juu ya sakafu ya saruji laini au juu ya nyasi ukadhani umepima ardhi. Ikiwa haijashikana na udongo, itaruka na kusoma uongo, mara nyingi uongo mkubwa. Tunachimba, tunaifukia, tunashindilia udongo kwa mkono, tunasawazisha kwa pima maji. Pale tusipoweza kuchimba tunaweka mfuko wa mchanga juu yake, uliolegea, usiojazwa kupita kiasi.

Tumeweka vituo vinne. Cha kwanza kiko mita 60 nyuma ya benchi, cha pili mita 120, cha tatu uani kwa jirani wa karibu zaidi, mita 250, na cha nne karibu na shule, zaidi ya mita 600. Kile cha mita 250 ndicho muhimu kuliko vyote kwa sababu moja ambayo sikuwa nimeiona ikiandikwa: siku ya mlipuko walinzi wenye bendera nyekundu huwaondoa watu wote walio karibu, kama sheria ya usalama inavyotaka. Hakuna anayekuwa ndani ya nyumba ile baruti inapolia. Mwenye nyumba huondoka ukuta ukiwa mzima, hurudi akakuta ufa, na anabaki na maneno yake dhidi ya maneno ya machimbo. Jiofoni ndiyo shahidi pekee anayebaki pale.

Machi, wiki ya kwanza ya vipimo

Kanuni tunayoanzia inatumika duniani kote. Unachukua umbali kwa mita, unaugawanya kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti zinazolipuka kwa wakati mmoja, na jibu unaliita umbali uliopimiwa. Kilele cha kasi ya ardhi hushuka kadiri umbali huo unavyokua. Kiwango cha Australia, AS 2187.2, kinatoa makadirio ya hali ya wastani: 1,140 mara umbali uliopimiwa ukipandishwa kwa kipeo cha hasi 1.6.

Kwa jirani yetu wa mita 250, na kilo 38 kwa shimo, umbali uliopimiwa ni 40.6, na kilele kinachotarajiwa ni milimita 3 kwa sekunde. Mtu aliyetulia huanza kuhisi mtetemo hata chini ya milimita moja kwa sekunde, kwa hiyo milimita 3 inahisika waziwazi. Mtu akisema amehisi nyumba ikitikisika, anasema kweli, na namwomba kila mhandisi asimjibu kwa kumwambia kwamba ni mawazo yake.

Kuhisi na kupasuka ni mambo mawili, hata hivyo. Ripoti ya RI 8507 ya Idara ya Migodi ya Marekani, iliyotoka 1980, iliweka milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba zenye lipu ya zamani pale mtetemo unapokuwa wa polepole, na ikaruhusu hadi milimita 50 mtetemo unapozidi hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde. Lakini nyumba zilizopimwa zilikuwa za Marekani, nyingi za fremu za mbao. Nyumba za hapa ni za tofali za kuchoma na udongo, nyingine za bloku zisizo na mkanda wa zege juu ya madirisha. Sioni haki kuwabebesha wenyeji kipimo cha nyumba zisizo zao. Lengo tulilojiwekea ni milimita 5 kwa sekunde kwenye ua wa jirani, sawa na kikomo cha Kenya katika kanuni zake za kelele na mitetemo za 2009, zinazotaja sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo.

Machi, katikati

Usomaji wa kwanza umekaa karibu na mstari wa makadirio kwenye vituo vya nyuma ya benchi. Kwenye ua wa jirani umekaa juu yake kidogo. Nadhani ni udongo: pale kuna tabaka la mfinyanzi juu ya mwamba, na tabaka laini hukuza mtetemo na kuurefusha.

Nimekaa na karatasi kuhesabu nishati yenyewe. Kilele cha kasi ni nukta moja tu kwenye mchoro. Nishati inahitaji mchoro mzima: unachukua kasi kila wakati, unaipiga mraba, unajumlisha kwa muda wote wa mtetemo, kisha unazidisha kwa uzito wa mwamba, kasi ya wimbi ndani yake, na eneo la nusu tufe linalopita kwenye kituo chako.

Mfano wa kupimia ukubwa: mtetemo wa nusu sekunde wenye kasi ya kawaida ya milimita 1 kwa sekunde, umbali wa mita 250, mwamba wa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, mawimbi yakienda mita 5,000 kwa sekunde. Jibu ni megajuli 2.7 hivi. Kati ya megajuli 5,800 zilizowashwa, hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu mbili, na ni pungufu ya nishati ya kilo moja tu ya ANFO. Hesabu hii inachukulia kwamba wimbi linasambaa kama nusu tufe ndani ya mwamba mmoja. Kwa umbali huo mawimbi ya juu ya ardhi yanaanza kutawala, kwa hiyo naichukua kama ukubwa wa jambo, si hesabu ya sarafu.

Mbona Madrid walipata asilimia 1 hadi 3? Kwa sababu walipima karibu na mlipuko. Njiani mwamba unakula mtetemo: kila mwanya na kila mpasuko unageuza sehemu yake kuwa joto. Kwa hiyo mtu akikwambia asilimia ya nishati ya mtetemo bila kukwambia aliipimia wapi, hajakwambia kitu. Kuanzia leo kila mstari wa jedwali letu una umbali wake.

Wa kwanza ninayemjua kuifanya kazi ya aina hii ni Robert Mallet, mhandisi wa Ireland, aliyelipua baruti mchangani Killiney karibu na Dublin mwaka 1849 na kutazama kwa darubini jinsi zebaki kwenye bakuli inavyotikisika. Baadaye akaitumia milipuko ya machimbo ya mawe ya Holyhead, Wales. Alitaka kujua mwendo wa matetemeko. Napenda kwamba elimu ya matetemeko ilipitia machimbo ya mawe.

Mwisho wa Machi, masika yameanza

Mashimo yana maji. ANFO haivumilii maji, nitrati inayeyuka, kwa hiyo mlipuaji amebadili kwenda baruti ya emalshani, inayovumilia maji. Ni nzito zaidi: shimo lile lile sasa linabeba kilo 54 badala ya 38. Hapa kanuni inaeleza jambo ambalo jicho halioni. Kilo zimeongezeka kwa asilimia 42, na kilele kinatarajiwa kupanda kwa asilimia 32. Kwa jirani wa mita 250 ni kutoka milimita 3 hadi 4, bila mtu yeyote kuongeza shimo wala kubadilisha ramani. Malalamiko ya masika huwa mengi kuliko ya kiangazi. Wazee wa hapa wanalisema hilo kila mwaka, na sasa tuna sababu yake kwenye karatasi.

Tumekubaliana na mlipuaji kugawa shimo lenye maji kwa sitaha mbili: nusu ya chini na nusu ya juu, katikati kizibo cha kokoto, kila nusu na fataki yake (kiwashio cha baruti) na muda wake. Kilo zinazolia pamoja zinashuka chini ya zile za kiangazi. Kazi inachukua muda zaidi, na mlipuaji hakufurahia kusimama kwenye tope. Amefanya vizuri sana.

Aprili

Mlipuko wa wiki hii umenifundisha zaidi ya yote yaliyotangulia.

Krasha, mashine ya kuponda mawe, ilikuwa imeharibika, kifusi cha mlipuko uliopita hakikuondolewa, na kilibaki kimelala mbele ya uso wa benchi. Ratiba ya oda ilisukuma, wakalipua hivyo hivyo. Kilo kwa shimo hazikubadilika, mashimo yalipangwa vilevile, na vituo havikuhama. Kwenye ua wa jirani mtetemo ulipita mstari wetu wa juu, ule ambao usomaji mwingi unapaswa kukaa chini yake. Mawe nayo yalitoka makubwa, mengi ya kuvunjwa upya kwa nyundo ya mashine.

Baruti inapolia, wimbi la mgandamizo linakimbilia uso ulio wazi, linarudi likiwa la kuvuta, na jiwe linafunguka. Gesi zinalisukuma mbele. Mwamba ukikosa pa kwenda, kwa sababu ya kifusi au kwa sababu unene ulio mbele ya shimo umezidi, kazi hiyo haifanyiki. Nishati haipotei, inageuka njia na kuingia ardhini. Kipimo cha kilo na umbali hakiujui uso huru. Ndani ya kanuni yake, shimo lenye pumzi na shimo lililobanwa ni sawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimamia mitetemo kwa jedwali la kilo peke yake.

Kuanzia sasa hakuna kulipua kabla kifusi hakijaondolewa. Meneja ameweka sahihi. Pia tumeanza kupima unene wa mwamba mbele ya kila shimo la safu ya kwanza, chini na juu, kwa sababu mashine ya kuchoronga ikiegemea kidogo tu, shimo la mita 10 linaweza kufika chini likiwa mbali na pale ramani inaposema.

Mei

Mama mwenye nyumba ya mita 250 amekuja ofisini na jambo aliloambiwa na wanawe waliokuwa ng'ambo ya barabara: mlipuko mmoja hupiga mara mbili. "Mara ya kwanza chini, mara ya pili madirisha," alisema. Nikamwambia, "Shikamoo mama, njoo uone." Mchoro ulikuwa mezani. Mtetemo wa ardhi unafika mita 600 ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mgandamizo wa hewa unakwenda mita 340 kwa sekunde, unafika karibu sekunde mbili baadaye na kugonga vioo. Wanawe walikuwa sahihi kabisa. Mara nyingi pigo la pili, la hewa, ndilo linaloogofya zaidi, na tiba yake ni nyingine: kizibo kizuri kwenye mdomo wa shimo, na kuacha kulipua asubuhi mapema wakati hewa baridi imelala chini na sauti inarudishwa ardhini. Tumehamishia milipuko baada ya saa saba mchana.

Kwa ruhusa yake tumegundisha vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa mbili za ukuta, kwa plasta pande zote mbili. Ufa ukisogea, kioo kinakatika. Tunavikagua kabla na baada ya kila mlipuko, na pia siku zisizo na mlipuko. Nimemweleza wazi: mfinyanzi ulio chini ya nyumba hujaa maji masika na kusinyaa kiangazi, na hilo peke yake hupasua kuta. Nikamweleza pia kwamba hiyo haitufutii sisi lolote mpaka vioo viseme.

Juni, kiangazi

Tumerudi kwenye ANFO, na sasa kazi ni muda. Desturi iliyotokana na utafiti wa Idara ya Migodi ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 inasema mashimo yaliyotengana kwa milisekunde 8 au zaidi yahesabiwe kuwa yamelipuka kila moja peke yake. Fataki tunazotumia ni za kuchoma unga, na unga hauungui sawasawa. Fataki ya milisekunde 500 ikikosea kwa asilimia 2 tu, ni milisekunde 10. Mashimo mawili tuliyoyatenganisha kwenye ramani yanaweza kulia pamoja. Hapo kilo 38 zinakuwa 76, na kilele cha milimita 3 kinapanda hadi 5.3. Lengo letu limevukwa, na kwenye karatasi hakuna kosa.

Tumelipua shimo moja peke yake, liitwalo shimo la sahihi kwa sababu linatupa alama ya pigo moja. Mchoro wake tumeuingiza kwenye kompyuta, tukaupanga juu ya nafsi yake mara nyingi kwa tofauti mbalimbali za muda, na kutazama nishati inakokwenda. Ukirudia pigo kila milisekunde 100 unaipa ardhi hezi 10. Nyumba ya ghorofa moja au mbili hupenda kucheza kati ya hezi 4 na 12, na kuta zake zenyewe juu kidogo ya hapo. Milisekunde 67 ni hezi 15, bado pabaya. Milisekunde 25 ni hezi 40, ambayo nyumba haiijali sana na ambayo mwamba huila haraka njiani. Tumeacha 67 kati ya mashimo na kuchukua 25, na kuacha nafasi ndefu kati ya safu ili ya mbele ipishe ya nyuma.

Kwenye michoro ya ua wa jirani kilele kimeshuka kidogo tu. Jumla ya kasi mraba chini ya hezi 15 ndiyo imeshuka sana. Mtu anayeangalia kilele peke yake angesema hatujafanya chochote. Kwenye jedwali sasa tunaandika yote mawili kwa kila mlipuko: kilele, na nishati ndani ya hezi 4 hadi 15.

Kwenye krasha mawe makubwa ya kuvunjwa upya yamepungua pia. Dereva wa nyundo alikuwa wa kwanza kuniambia, kabla sijafungua kompyuta.

Mwanzo wa Julai

Mkutano wa kitongoji umefanyika. Tumeonyesha michoro, na kioo kimoja cha ukutani kilichokatika siku ambayo hakukuwa na mlipuko. Cha pili ni kizima. Kijana mmoja aliuliza mbona vipimo vinawekwa na machimbo yenyewe. Swali zuri, na jibu ni kwamba kuanzia mwezi huu faili la kila mlipuko linakaa kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo, likiwa na saa, kilo kwa kila muda, umbali na usomaji wa vituo vyote vinne.

Yaliyobaki: fataki za kielektroniki, ambazo hupangwa kwa milisekunde moja moja, zimeombewa bei kwa mlipuko wa majaribio upande wa mashariki, ambako benchi inasogelea nyumba. Kabla ya hapo kituo cha mita 120 kitahamishwa kwenda kwenye mfinyanzi na kingine kiwekwe mwamba mtupu kando yake, ili tujue tabaka lile linakuza mtetemo kwa kiasi gani. Vioo vinabaki ukutani mpaka vuli, na mkaguzi wa nyufa ni mama mwenyewe. Daftari la tarehe analo.